Aliyetumwa Kujifunza Zege Asirudi Kukalishwa Mezani

Yeyote aliyepata kushuhudia siku ya kumwaga zege la ghorofa hapa Visiwani anaijua sura ya siku hiyo. Alfajiri mchanga na kokoto zimekwisha kulundikwa mbele ya nyumba, mifuko ya saruji imepangwa chini ya turubai, na mashine ya kuchanganyia inaanza kunguruma kabla jua halijatoka sawasawa. Vijana hujipanga mstari kwenye ngazi, karai hupita mkono kwa mkono, na kwa jirani sufuria la wali liko motoni, maana shughuli hiyo haina mapumziko mpaka pembe ya mwisho ijazwe. Jua linapokuwa kali husikika sauti kutoka juu: "Zege zito hilo! Ongeza maji!" Na maji huongezwa.

Neno hilo dogo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa kuwa ndani yake mna usalama wa watu, fedha za wananchi, na swali moja linalowahusu viongozi wetu moja kwa moja: vijana tunaowatuma ng'ambo kujifunza kazi za zege tunawatuma wakalete nini, na wakirudi tunawapa kazi gani?

Kwa macho, zege lililoongezwa maji halina kasoro. Hushuka kwa urahisi, hujaza pembe zote, hulainika chini ya mwiko, na jioni mwenye nyumba huwashukuru watu wake kwa moyo mkunjufu. Lakini saruji ina hesabu yake. Mwaka 1918 mtaalamu wa Kimarekani, Duff Abrams, baada ya majaribio mengi mjini Chicago, alieleza kanuni ambayo hata leo haijatanguka: viungo vikiwa vilevile, nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji, maji yakizidi, nguvu hupungua. Saruji yenyewe, ili igeuke kuwa jiwe, hushikamana na maji yapatayo robo tu ya uzito wake. Yaliyobaki tunayatia ili zege lipate kufanyika kazi, nayo yakiisha kukauka huacha matundu madogo mno yasiyoonekana. Mfuko wa kilo 50 uliochanganywa na lita 25 za maji waweza kutoa zege imara. Mfuko huohuo ukipewa lita 35, nguvu inayopotea huweza kupita robo. Hapana fundi wala rangi iwezayo kuirudisha nguvu hiyo baadaye.

Hatusemi kwamba kila jengo linaloanguka limeangushwa na ndoo ya maji. Kila ajali ina sababu zake, na kazi ya kuzieleza ni ya wachunguzi. Lakini hatuwezi kujifanya hatukuona. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katika jiji hilohilo, mchana watu wakiwa kwenye biashara zao, na maisha mengi yakapotea tena. Na hapa kwetu, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa kazi ya matengenezo na kuwaua watu wawili. Matukio hayo hayafanani, wala vifaa vya majengo hayo havifanani. Yote pamoja, hata hivyo, yanatukumbusha kwamba jengo ni amana, na kwamba anayelisimamia lazima awe mtu mwenye elimu ya kile anachokisimamia.

Ndiyo maana tunaliunga mkono kwa dhati wazo la kuwapeleka vijana wetu nje kwa mafunzo ya zamu katika viwanda vya saruji na zege. Wazee wetu walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na zege ni amali kabla ya kuwa elimu. Haiwezekani kulijua kwa kulisoma tu. Ni lazima mtu alishike, alipime, alivunje, aone limekuwaje.

Tuchukue mfano wa Ujerumani, nchi isiyo ngeni katika ujenzi wetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na nchi hiyo nayo ikasaidia kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani. Ujerumani Mashariki haipo tena tangu mwaka 1990, Wajerumani walipoungana kuwa dola moja, lakini nyumba zile zimebaki na watu wanaishi humo. Basi si vibaya tukatazama jinsi watu hao wanavyomlea fundi wao wa zege.

Sheria yao ya mafunzo ya kazi ni ya mwaka 1969. Kijana hufunga mkataba na mwajiri, hupokea posho kwa mwajiri huyo, na wakati wake hugawanywa baina ya mahali pa kazi na shule ya ufundi. Mafunzo kamili ya fundi wa zege huchukua miaka mitatu. Hupelekwa kituo baada ya kituo kwa mpango uliowekwa, na kila alilolifanya huliandika katika daftari la kazi. Mkufunzi wake hulipitia na kulitia saini, na asiyekuwa na daftari hilo hakubaliwi kufanya mtihani wa mwisho. Zaidi ya hayo, sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2005 iliruhusu sehemu ya mafunzo, isiyozidi robo ya muda wote, ifanywe katika nchi nyingine. Maana yake ni kwamba Wajerumani nao, pamoja na ufundi wao wote, hawaoni aibu kuwatuma vijana wao wakajifunze kwa wengine. Hatuna sababu sisi ya kuona aibu.

Na tumfikirie, kwa mfano tu, kijana wa Makunduchi au wa Wete, awe mvulana au msichana, ambaye amekwisha kupita chuo cha amali na sasa amepelekwa huko kwa zamu ya mafunzo. Atakutana na nini?

Kituo chake cha kwanza yafaa kiwe maabara, nacho pengine kitamchosha. Alitarajia mashine kubwa, naye anapewa chekecheo na kilo kadha za mchanga. Ataupima mchanga ukiwa umajimaji, ataukausha, ataupima tena. Kazi hiyo itaonekana ya kitoto mpaka atakapoelezwa maana yake: mchanga wenye unyevu wa asilimia 5, katika kila kilo 100 mna karibu lita 5 za maji ambazo hakuna aliyezitia kwa ndoo. Asiyezihesabu amekwisha kuharibu mchanganyiko kabla hajafungua bomba. Atajifunza kujaza zege katika koni ya chuma yenye urefu wa sentimita 30, kwa tabaka tatu, kila tabaka akilishindilia mara 25, kisha ainue koni na kupima zege limeshuka kiasi gani. Atajaza pia vibweta vya chuma, kila upande sentimita 15, na miche hiyo ya zege itatunzwa kwa utaratibu maalumu mpaka siku ya 28, ndipo iwekwe chini ya mashine na kuvunjwa. Hapo atajua kwamba zege hutoa jawabu lake baada ya wiki nne, na kwamba fundi wa kweli ni yule anayeweza kulingoja.

Kituo cha pili ni mtambo wa kuchanganyia. Huko kila kiungo hupimwa kwa uzito, si kwa karai wala kwa beleshi, maana karai moja hujazwa na mtu mwenye nguvu na jingine hujazwa na mtu aliyechoka. Gari la zege likiondoka hupewa hati inayoonyesha aina ya zege, viungo vyake, na saa maji yalipotiwa. Kwa kawaida zege hilo linatakiwa liwe limekwisha kushushwa ndani ya dakika 90.

Kituo cha tatu ni kiwanda cha vipande vya zege vinavyotengenezwa tayari: nguzo, ngazi, kuta na sakafu. Huko kijana ataona nondo zikikaguliwa kabla zege halijamwagwa, kwa kuwa likiisha kumwagwa hakuna awezaye kuziona tena. Atapima umbali kutoka nondo mpaka uso wa zege, milimita kwa milimita. Somo hilo alishike kwa mikono miwili, maana hakuna litakalomfaa zaidi visiwani kwetu.

Sisi tumezungukwa na chumvi. Chumvi imo katika upepo, imo katika visima vingi vya pwani, na imo katika mchanga wa ufukweni ambao baadhi ya watu huuchota usiku kwa kuona kuwa ni wa bure. Zege jema huilinda nondo isipate kutu. Lakini chumvi ikiifikia nondo huuvunja ulinzi huo, kutu huanza, na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichokuwapo. Kwa hiyo husukuma, na zege hupasuka kutoka ndani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ufa wa namna hii, hata hivyo, kuuziba kwa lipu ni kuuficha tu, na ugonjwa huendelea nyuma ya lipu. Mwenye kuchota mchanga wa pwani anaiibia fukwe inayokinga kisiwa, na papo hapo anautia ugonjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kituo cha nne ni mahali pa ujenzi. Huko kijana wetu atasimama karibu na gari la zege, na hapana budi siku moja atasikia, kwa Kijerumani safari hii, sauti ileile aliyoizoea nyumbani: ongeza maji. Hulka ya wanadamu ni moja, na mchovu wa Ujerumani hapendi zege zito kuliko mchovu wa Unguja. Tofauti ni kile kinachofuata. Kwa kanuni za huko kuongeza maji zege lifikapo ni jambo lililokatazwa, isipokuwa katika hali maalumu na kwa dhamana ya mwenye kiwanda, nalo lazima liandikwe katika hati. Mpimaji, hata akiwa kijana, akiona zege halifai ana karatasi mkononi na kanuni nyuma yake. Anaweza kusema "hapana", na gari likageuzwa.

Hilo, kwa maoni yetu, ndilo jambo kubwa kuliko yote analoweza kujifunza. Mitambo tutanunua tukiwa na fedha. Lakini desturi ya kwamba mtu mdogo mwenye kipimo sahihi husikilizwa na mtu mkubwa mwenye haraka hainunuliwi dukani. Hiyo hujengwa na wakubwa wenyewe.

Yafaa pia ieleweke kwamba si kila somo la ugenini linasafiri bila kugeuzwa. Kijana atakayekaa Ujerumani majira ya baridi atafundishwa kulifunika zege kwa matandiko ili baridi kali isigandishe maji yaliyomo kabla saruji haijashika. Akirudi na somo hilo kama lilivyo, tutamcheka. Adui wa zege letu ni jua na upepo, vinavyonyonya maji kabla saruji haijayatumia. Lakini akili iliyo ndani ya somo ni ileile: zege changa ni kama mtoto mchanga, haliachwi wazi. Kule hulifunika lisipoteze joto, hapa tulifunike kwa magunia yaliyoloa, tulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba au zaidi, lisipoteze unyevu. Mwanafunzi mwema huleta nyumbani sababu ya jambo, kisha hulivalisha vazi la nyumbani.

Wala tusidhani kwamba subira hiyo ni mali ya wageni. Waashi waliojenga Mji Mkongwe kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko walijua kungoja. Chokaa haikutoka tanurini na kupakwa kesho yake. Ilitiwa maji, ikawekwa ikae mpaka iive. Walijua pia kiasi cha kila boriti, na vyumba vyao vikawa vyembamba kwa kuiheshimu boriti hiyo. Tulipohamia kwenye saruji na nondo tulipata uwezo wa kujenga vyumba vipana na ghorofa nyingi, lakini wengi wetu tuliiacha ile subira nyuma, pamoja na tanuri za chokaa.

Sasa tumtazame kijana wetu siku ya kurudi. Hadithi yake inajulikana mno, na haihusu ofisi moja wala zama moja. Hupokewa kwa furaha, cheti chake husomwa, hupongezwa. Kisha hupewa meza. Juu ya meza huwekwa mafaili, na mwaka hupita. Kule kunakomwagwa zege haendi, kwa sababu gari halipo, au kwa sababu hakualikwa. Na akienda kwa hiari yake akasema kwamba mchanga una chumvi, huulizwa yeye ni nani na ana umri gani. Baada ya miaka mitatu amesahau koni inajazwa kwa tabaka ngapi. Wenziwe walio nje husikia habari hizo, na wengine huamua kutorudi. Ndipo tunapowalaumu kwa kukosa uzalendo! Uzalendo wa kijana ni wajibu wake, lakini kumpa kazi inayolingana na alichotumwa kujifunza ni wajibu wetu.

Tunajua jawabu litakalotolewa: vifaa vya maabara ni ghali, na Serikali ina mahitaji mengi. Ni kweli kwamba mashine ya kuvunjia miche ya zege si kitu cha bei ndogo. Lakini koni ya chuma, fimbo ya kushindilia, chekecheo na vibweta vya kujazia ni vitu vya thamani ndogo ukilinganisha na gharama ya ghorofa moja ya skuli. Vingine mafundi chuma wetu wanaweza kuvitengeneza hapahapa wakipewa vipimo sahihi. Mashine kubwa moja, ikitunzwa vizuri, huweza kuhudumia wajenzi wengi, wa Serikali na wa watu binafsi. Na Pemba isisahauliwe katika hesabu hiyo. Si haki mche wa zege la Chake Chake uvuke bahari ndipo ujulikane nguvu yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, nayo si makubwa.

Kwanza, wateuliwe wale waliokwisha kushika karai. Vyuo vyetu vya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, pamoja na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, vinapitisha vijana wanaoijua kazi kwa mikono yao. Hao ndio watakaofaidika na zamu ya ng'ambo, kwa kuwa wataona tofauti. Nafasi ya mafunzo isiwe zawadi ya mtoto wa mtu.

Pili, kabla kijana hajapanda ndege iandikwe atapita vituo gani, na iandikwe pia akirudi atafanya kazi wapi. Achukue daftari, aandike kila siku, na daftari hilo likaguliwe hapa nyumbani kama linavyokaguliwa huko. Akirudi, wiki zake za mwanzo azitumie kuwafundisha wengine kumi yale aliyoyaandika, kwa Kiswahili fasaha kinachoeleweka na fundi wa mtaani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, apewe mamlaka. Katika kila jengo la umma pawe na mtu mwenye haki ya kuzuia zege lisimwagwe, na haki hiyo iandikwe katika mkataba wa ujenzi, ili mkandarasi, mhandisi na hata kiongozi aliyekuja kukagua wajue kwamba neno la mpimaji halipindwi kwa simu. Asiyekuwa na uwezo wa kusema "hapana" hakuhitaji kupelekwa mbali kujifunza lini aliseme.

Kwa wananchi nao tuna neno. Nyumba nyingi za visiwa hivi hazijengwi na Serikali. Zinajengwa na sisi wenyewe, kidogo kidogo, kwa akiba ya miaka. Mtu aliyejinyima miaka kumi ili anunue nondo asikubali kuiharibu kazi yake kwa ndoo mbili za maji katika asubuhi moja. Akimwona kijana aliyesomea kazi hii mtaani kwake, na amwite siku ya zege, ampe kiti na kikombe cha chai, kisha amsikilize kabla mashine haijawashwa.

Siku itakuja, na kwa jitihada haitakuwa mbali, ambapo sauti itatoka juu ya ghorofa ikisema "Ongeza maji!" na kijana mmoja aliyesimama chini na koni yake atajibu kwa adabu, "Hapana, mzee wangu, zege hili limefika kipimo chake." Tungependa siku hiyo wale walio juu wamwamini, na waendelee na kazi. Hapo tutajua kwamba nauli ya ndege tuliyomlipia haikupotea.